Beberu, baraza na hamu iliyoshuka: jibu kwa msomaji wa Likoni

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mkazi wa Likoni, umri wangu miaka 43, nafanya kazi bandarini na mara nyingi niko zamu ya usiku. Nina mke mmoja na watoto watatu. Wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Nyumbani nafuga mbuzi. Juzi beberu wangu alimpanda jike mmoja mara kadhaa, akamwacha, akajilaza. Jirani alipomleta jike wake naye yuko kwenye joto, beberu akaamka kama hajafanya lolote. Nilipolisimulia hili barazani, wenzangu wakasema ndivyo mwanamume alivyoumbwa: huchoshwa na mmoja, na maji yakijaa lazima yatafute pa kutokea. Neno lile limenikaa moyoni, maana mwaka huu hamu yangu kwa mke wangu imeshuka sana, na yeye pia haonyeshi kutaka. Je, ni maumbile? Ni umri? Ni homoni? Kuna dawa ya unga nauziwa ya kuongeza nguvu, na kuna anayenishauri nipigwe sindano ya homoni. Nifanye nini?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Nakupa jawabu kabla ya maelezo. Ulichokiona kwa beberu ni kweli na kimechunguzwa sana, lakini wenzako wa barazani wamekisoma vibaya. Hamu ya mbuzi na hamu ya binadamu zina asili moja mwilini, ila kwa binadamu homoni haziamui peke yake. Tena ndani ya barua yako mwenyewe kuna sababu tatu za wazi za hamu yako kushuka, na zote za kuangaliwa kabla hujamsingizia mkeo au ndoa. Unga usinunue. Sindano nayo isubiri mpaka upimwe damu.

Tuanze zizini, kwa sababu huko mambo yako wazi.

Jike akiingia kwenye joto, mkia wake hautulii, hulia mara kwa mara, uke huvimba kidogo na kutoa ute, na beberu akimsogelea husimama badala ya kukimbia. Hali hiyo humrudia kila baada ya siku 21 hivi, ikadumu kama saa 24 hadi 36. Ikishapita, beberu atahangaika bure. Yeye naye ana vitimbi vyake. Hujikojolea ndevu na miguu ya mbele mpaka harufu ijae ua zima. Kisha hunusa mkojo wa jike, akainua kichwa, akaukunja mdomo wa juu na kuganda hivyo kwa sekunde kadhaa. Watoto husema anacheka. Anachofanya ni kuivuta harufu mpaka kwenye kiungo kidogo kilichomo juu ya kaakaa, upande wa mbele, ambacho kina mishipa yake ya fahamu inayopeleka habari ubongoni kwa njia tofauti na ile ya kunusa kwa kawaida. Hapo ndipo anapopambanua jike aliye tayari na asiye tayari.

Harufu hufanya kazi kwa upande wa jike pia. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wameitambua kemikali itokayo kwenye ngozi ya kichwa cha beberu, iitwayo 4-etiloktanali. Jike akiivuta, chembe za ubongo zinazotoa amri ya kuanza mzunguko wa uzazi huongeza kasi. Mbuzi aliyehasiwa hatoi kemikali hiyo. Wafugaji walilijua jambo lenyewe zamani bila maabara: beberu akitengwa wiki kadhaa kisha akarudishwa ghafla, majike wengi huingia joto karibu kwa pamoja.

Sasa shika jambo moja hapo, kwa sababu jawabu langu lote limelisimamia. Kwa wanyama wengi wa kike, homoni huleta hamu na pia huufungua mwili. Ukimtazama panya jike maabara utaliona wazi zaidi: bila homoni mbili za kike, estrojeni kutangulia na projesteroni kufuatia, haupindi mgongo wake, na asipoupinda dume hawezi kumwingia hata akitaka vipi. Paka hawa wa Mji wa Kale wana lao tena: yai la jike halishuki mpaka apandwe, kupandwa kwenyewe ndiko kunakoiamsha ovari. Kila aina ya mnyama ina kanuni zake, na ndiyo maana mtu akiniambia "wanyama hufanya hivi" huwa namuuliza, mnyama yupi?

Turudi kwa beberu wako aliyeamka. Jambo hilo huitwa athari ya Coolidge. Limepimwa kwa panya, kwa kondoo dume, kwa mafahali na kwa wengine wengi. Dume aliyekwisha kutosheka na jike mmoja hupata nguvu tena akiletewa jike mwingine aliye tayari. Mwaka 1997 watafiti wa Kanada walipima dopamini, kemikali inayochochea kutaka, ndani ya ubongo wa panya dume wakati jambo lenyewe likitokea. Dopamini ilipanda alipomwona jike nyuma ya kizuizi, ikaendelea kuwa juu alipompanda, ikashuka alipotosheka, kisha ikapanda tena alipoletwa jike mgeni. Kwa hivyo kilichoamka kwa beberu wako kilikuwa ubongo. Korodani zake hazikuongeza chochote katika dakika zile chache.

Lakini tazama vipimo hivyo vilipima nini. Vilipima saa moja au mbili baada ya dume kupanda mara nyingi mfululizo. Havikupima miaka kumi ya kukaa pamoja. Dume yule yule akipumzishwa, humrudia jike yule yule. Na kuna jambo ambalo sidhani lilitajwa barazani: athari hiyo imeonekana pia kwa majike wa hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya. Basi anayelichukua jambo hili kuwa hati ya wanaume peke yao kuhalalisha tamaa zao, ajue kwamba ameokota nusu ya ushahidi.

Na hilo la maji kujaa nalo si kweli, nami nalisema kwa mkazo kwa sababu limewaumiza wengi, wanawake hasa. Mwili usipopata maji hufa, usipopata chakula hudhoofu. Usipopata jimai hakuna tishu inayoharibika. Frank Beach, mtafiti mkubwa wa Marekani, aliliandika jambo hilo mwaka 1956, akasema hamu ya mapenzi inafaa kuelezwa kwa kuangalia kile kinachoivutia kutoka nje. Hakuna uhitaji unaorundikana ndani. Utafiti wa miaka iliyofuata umemuunga mkono. Hamu huzuka ubongo uliotayarishwa na homoni unapokutana na kitu, harufu, sauti, kumbukumbu au wazo ambalo umejifunza kulithamini. Kisipokuwepo cha kuiita, au kikiwepo na ubongo umechoka, haiji, na mtu anaweza kukaa hivyo miezi bila maradhi yoyote.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuwafundishia wanafunzi, la Barry Everitt wa Cambridge. Panya dume walifundishwa kubonyeza kitufe ili waletewe jike. Wengine waliharibiwa sehemu ndogo ya mbele ya haipothalamasi, kiini kilichoko chini ya ubongo kinachosimamia homoni: wakaendelea kubonyeza kitufe kwa bidii, lakini jike akija hawakuweza kumpanda. Wengine waliharibiwa sehemu ya amigdala, eneo la ubongo linalohusika na hisia: hao jike akiwekwa mbele yao walimpanda vizuri tu, ila kubonyeza kitufe ili aje kulipungua. Kutaka na kuweza vina njia mbili tofauti ubongoni. Kwa hivyo, ndugu yangu, swali langu la kwanza kwako ni hili: ukiamka, uume husimama wenyewe? Mwanamume mwenye mishipa na fahamu nzima husimamiwa mara kadhaa usingizini, hasa katika vipindi vya ndoto, na ile ya alfajiri ndiyo anayoiona. Ikiwa ipo na wakati wa tendo uume husimama sawasawa, shida yako ni ya kutaka. Ikiwa imepotea kwa miezi, shida huenda ni ya kuweza, na hapo mazungumzo ni mengine. Barua yako inanielekeza kwenye ile ya kwanza, lakini jijibu mwenyewe kwa ukweli.

Kuhusu homoni watu wanajua kidogo na wanadhani wanajua sana, kwa hivyo nitakaa hapa.

Mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Waliobaki bila korodani walikua wakiwa wanene na wapole, kilemba kidogo, hawawiki, hawana habari na kuku. Wengine aliwarudishia korodani moja tumboni, mahali ambapo haikuwa na mishipa yake ya kawaida ya fahamu. Hao wakawika, wakapigana, wakawafukuza kuku. Maana yake ni kwamba korodani hutia kitu ndani ya damu. Kitu chenyewe, testosteroni, kilipatikana kikiwa safi mwaka 1935.

Kati ya miaka hiyo miwili lilitokea jambo ambalo anayeuziwa unga anapaswa kulijua. Mwaka 1889 mwanasayansi mashuhuri wa Paris, Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyotokana na korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, kisha akatangaza kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Dunia ikahangaika na maji hayo. Leo tunajua kwamba testosteroni haiyeyuki vizuri majini, na korodani haziiweki akiba, kwa hivyo ndani ya sindano ile hamkuwa na kiasi cha kumfanya mtu lolote. Kilichompa nguvu ni imani yake. Alikuwa msomi mkubwa na mkweli, na bado imani ilimtendea kazi kuliko dawa. Mchuuzi anayekuletea watu watatu kushuhudia kwamba unga umewafaa, hajakudanganya lazima. Huenda wao wenyewe wanaamini.

Sasa sikia hili la mwaka 1952. Jerome Grunt na William Young, huko Marekani, walichukua madume wa wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa maabara, wakawagawa kwa hamu yao: wenye hamu kubwa, ya kati na ndogo. Wakawahasi wote. Hamu ikashuka kwa wote, wakawa sawa. Kisha wakawadunga wote testosteroni, kipimo kile kile kimoja. Mantiki ya sindano ingedai wote wapande mpaka mahali pamoja. Haikuwa hivyo. Kila kundi lilirudi pale pale lilipokuwa kabla: wenye kubwa kwa kubwa, wenye ndogo kwa ndogo. Wakaongeza kipimo, na tofauti zile zikabaki. Homoni inahitajika, bila yake moto hauwaki. Lakini ukishatimia ule mpaka wa kutosha, kuiongeza hakukufanyi mtu mwingine. Kinachoamua ni jinsi tishu na ubongo wa huyo mwenyewe unavyoipokea.

Kwa wanaume hali inafanana na hiyo. Maabara nyingi hutumia takriban nanogramu 300 kwa desilita ya damu kuwa mpaka wa chini. Aliye chini sana ya hapo, na ana dalili, dawa ya homoni humsaidia kweli, nami sina pingamizi. Aliye na 500 akisukumwa hadi 900, asitarajie mengi kwa upande wa hamu. Tena homoni yenyewe haifanyi kazi peke yake: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanamume akizuiwa kugeuza sehemu ya testosteroni yake kuwa estrojeni, hamu hupungua zaidi. Estrojeni hiyo tunayoiita ya wanawake ina kazi kwako pia. Kuna na jambo ambalo wapiga sindano wa mitaani hawalisemi: ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje, husitisha amri zake kwa korodani, nazo hupunguza kutengeneza mbegu, wakati mwingine mpaka zikakauka kabisa. Ikiwa wewe na mkeo mnataka mtoto mwingine, sindano hiyo huenda ikawafungia mlango kwa muda mrefu.

Kabla sijafika kwako, kuna wanyama wengine wawili wa kupita nao. Ukienda Diani umewaona nyani. Jike anapokaribia siku za kushika mimba sehemu ya nyuma huvimba na kuwa nyekundu, dume akaiona toka mbali. Na ndovu dume, kama Joyce Poole na Cynthia Moss walivyoeleza mwaka 1981 kutokana na kazi yao Amboseli, huingia kipindi ambacho majimaji humtiririka kwenye panja, mkojo humdondoka njiani, testosteroni hupaa, naye huwa mkali na kutafuta majike kwa wiki au miezi. Binadamu hana lolote kati ya hayo. Siku ya yai haina tangazo, na dume wetu hana msimu.

Aliyetusaidia zaidi kulielewa hilo ni Kim Wallen, kwa kuwachunguza kima wa Asia waitwao rhesus. Akiwekwa dume mmoja na jike mmoja kwenye kizimba kidogo, hupandana karibu siku yoyote. Katika ua mkubwa wenye majike wengi na ukoo mzima, kupandana hukusanyika kwenye zile siku za yai, na mara nyingi jike ndiye anayekwenda kumtafuta dume, ingawa kumkaribia kunaweza kumletea ugomvi na majike wenzake. Mwili wa kima jike umefunguliwa siku zote, tofauti na mbuzi. Homoni kwake hupandisha na kushusha kutaka, na kutaka huko hupimwa na mazingira: nani yupo, kuna hatari gani, nafasi ikoje. Sisi tuko upande huo wa kima. Hamu ya mwanamke hupanda kidogo karibu na siku za yai na hushuka projesteroni inapokuwa juu, lakini tofauti ni ndogo, na uchovu wa siku moja unaweza kuifuta.

Tuje kwako sasa.

La kwanza, mtoto wa miezi minane. Mwili wa baba hubadilika. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walipimwa wakiwa vijana, wakapimwa tena miaka minne na nusu baadaye. Waliokuwa wameoa na kupata watoto, testosteroni yao ilikuwa imeshuka kuliko ya wenzao, na wale waliowashughulikia watoto kwa saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini zaidi. Jirani zetu wa Tanzania nao walipimwa, utafiti ukachapishwa mwaka 2009: Wahadzabe, ambao baba hubeba na kulala na watoto wake, walikuwa na testosteroni ya chini wakishakuwa baba, Wadatoga, wafugaji ambao baba hukaa mbali zaidi na watoto wachanga, hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hivyo ikiwa wewe ni baba wa kumbeba mwanao usiku, mwili wako unafanya jambo la kheri linaloeleweka, wala si ugonjwa. Kiwango hakishuki mpaka kuvunja nguvu. Hushuka ndani ya mipaka ya kawaida.

La pili, usingizi. Testosteroni hutengenezwa kwa wingi mtu akiwa amelala. Chicago, mwaka 2011, vijana 10 wenye afya walilazwa saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa kulinganisha, umri hupunguza takriban asilimia 1 kwa mwaka. Wiki moja ya kukesha inakupa uzee wa miaka kumi na zaidi kwa upande wa homoni hiyo, nayo hurudi ukilala. Wewe uko zamu ya usiku, unarudi na feri asubuhi, unajilaza kwenye joto la mchana huku watoto wakicheza mlangoni. Sijui kama unatafuna muguka au miraa ili usisinzie kazini, wengi hutafuna. Kama unatafuna, ujue kichangamshi kilichomo hupandisha presha na hufukuza usingizi hata baada ya kutema, kwa hivyo ule usingizi mdogo uliobaki nao unaupoteza. Kati ya yote niliyoyasoma katika barua yako, hili ndilo ninalolishuku zaidi.

La tatu, mkeo. Ananyonyesha. Kila mtoto anapovuta ziwa, prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda, na prolaktini ikiwa juu huituliza ovari. Estrojeni inabaki chini, uke unakuwa mkavu, tendo linauma, hamu inazimika. Hayo ni maumbile ya kunyonyesha, hajakuchukia. Ongeza kuamka usiku peke yake wakati wewe uko bandarini. Nawe unapoona hataki, unajisogeza, naye anapoona umejisogeza, anadhani humtaki. Nimeyasikia haya kwa wanandoa wengi katika hospitali zetu za hapa, na mara nyingi kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake.

Hapa nataka nikupe utafiti mwingine, kwa sababu watu huupita. Raúl Paredes na mwenzake, Mexico, mwaka 1997, waliwaweka panya jike na dume kwenye chumba kilichokatwa kati na ukuta wenye tundu dogo ambalo jike tu ndiye anayeweza kulipita. Basi jike alimwendea dume alipotaka na kuondoka alipotaka. Majike hao baadaye walipapenda mahali walipowekwa baada ya tendo, dalili kwamba jambo lile liliwaridhisha. Majike waliopandwa mahali wasipoweza kukimbia, kwa kasi aliyoitaka dume, hawakupapenda. Tendo lile lile, viungo vile vile. Tofauti ni nani aliyekuwa na hiari ya mwendo. Mkeo aliyejifungua miezi minane iliyopita akijua kwamba kukaa karibu nawe hakumlazimu kufika mbali, utaona kama hatasogea mwenyewe. Na mafuta ya kulainisha ya maji yanapatikana duka la dawa lolote. Tumieni bila haya.

Tena hamu hujifunza. James Pfaus na wenzake kule Montreal waliwapaka panya jike harufu ya lozi, na madume waliopanda mara kadhaa majike wenye harufu hiyo wakaanza kuwachagua wao mbele ya wengine. Kwa panya, lozi haina maana yoyote ya asili. Ilipewa maana na kilichotokea pamoja nayo. Sisi watu wa pwani hatukuhitaji maabara kufundishwa hilo. Udi unaofukizwa chumbani, kikuba cha asumini na rihani, leso iliyofukizwa, hivyo vyote ni ishara ambazo ubongo wa wawili umezifunga na kitu kimoja kwa miaka. Zinapopotea nyumbani kwa sababu ya kazi, maziwa na nepi, ubongo hukosa cha kuuita. Jike mgeni wa beberu wako alikuwa njia moja tu ya kuamsha dopamini. Kwa binadamu, kutarajia jambo kunaiamsha vizuri sana: siku iliyopangwa, watoto wako kwa bibi yao, mume amelala vya kutosha, chumba kimefukizwa.

Umri sijausahau. Miaka 43 peke yake haishushi hamu ya mwaka mmoja namna unavyoieleza. Lakini umri huo ndio kisukari na presha vinapoanza kujitokeza kimyakimya, na hapo kuna jambo la kuzingatia. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Uchafu ukianza kuziba, mwembamba huonyesha kwanza. Uume ukianza kulegea kwa mwanamume wa umri wako, daktari mzuri huangalia moyo na sukari kabla ya kuandika dawa.

Unga wenyewe, basi. Dawa kama Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 baada ya kuanza kujaribiwa kwa maradhi ya moyo, hulegeza mishipa ya uume ili damu iingie wakati mtu tayari ameamshwa. Haileti hamu, asiye na hamu akiimeza, atakaa nayo tu. Na mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi unga na vidonge "vya mitishamba" vilivyochanganywa kwa siri na dawa hiyo hiyo, kwa vipimo visivyojulikana. Mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akimeza mchanganyiko huo, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Wewe huenda hutumii, lakini hujui ndani ya karatasi ile mna nini, na mchuuzi naye hajui.

Fanya hivi. Jipe wiki tatu za kulala saa saba, hata ikibidi uombe zamu za mchana au uhame chumba cha watoto unapolala mchana, na muguka uuweke kando kwa muda huo. Kama hakuna mabadiliko, nenda hospitali kabla ya saa nne asubuhi, maana testosteroni huwa juu wakati huo na vipimo vya alasiri hudanganya. Lakini nenda ukiwa umelala usiku, usitoke zamuni moja kwa moja. Omba upimwe testosteroni, sukari, presha, mafuta ya damu na prolaktini. Kipimo cha testosteroni kikiwa chini, kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Mwambie daktari dawa zote unazotumia; baadhi ya dawa za sonona, za akili na za presha hushusha hamu, na mara nyingi zipo nyingine za kubadilishia, ila usiache mwenyewe. Sonona yenyewe pia hushusha hamu sana, kwa hivyo ukiulizwa kuhusu huzuni na kukosa raha ya mambo uliyoyapenda, jibu bila kuficha. Ukiweza, nenda na mkeo. Mama anayenyonyesha ana maswali yake, na yanajibika siku hiyo hiyo.

Na ikiwa ulishaonja ule unga, kisha ukapata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au uume uliosimama zaidi ya saa nne, usingoje miadi. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo, ubebe na karatasi yenyewe uwaonyeshe.